"Zima!" sauti ikatoka chini ya lori.

Nyuma ya usukani, mama Shimba alichomoa ufunguo, lakini injini ikazidi kunguruma.

Asubuhi hiyo, kwenye gereji yao ya Ruaha, walikuwa wamelifungia lori la miwa pampu kubwa ya dizeli. Ile ya zamani ilikuwa imeshindwa kuilisha injini tangu ifungwe supachaja, mashine ya kuishindilia hewa. Baba Shimba alikuwa amelala chini ya lori, akitazama kama mabomba yanavuja.

"Zima, mama Shimba!"

"Nimezima!" Ufunguo alikuwa nao mkononi.

Pampu mpya ilikuwa imekwama ikiwa wazi, na injini ikajinywea dizeli itakavyo. Jeki iliyoinua lori ikaanza kucheza juu ya gogo lake.

"Tia gia, izimike!" dereva wa lori akafoka kutoka getini.

"Nimkanyage mume wangu? Una akili wewe?"

Injini haiishi bila hewa; hilo alilisoma chuoni. Aliruka chini, akanyakua kibao cha kusukumia chapati kando ya jiko, akakibamiza kwenye mdomo wa supachaja, kwa kuwa filta ya hewa ilikuwa haijarudishwa. Kibao kikafyonzwa, kikambana vidole viwili. Hakuvitoa.

Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazimika.

Jeki ilikuwa imelala ubavu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegusa ardhi.

"Baba Shimba," aliita. "Mzima?"

Chini ya lori, spana iligonga chuma mara moja, kumjibu.