Kinoo Laini

Kahigi kinyozi aliendelea kuunoa wembe kwenye kinoo kinachokwaruza, kile cha kunolea miundu ya migombani. Ndugu walikuwa uani wakisubiri. Mama mfiwa akishanyolewa, matanga ya mwanawe aliyekwenda vitani Burma asirudi yangekwisha.

Aliujaribu wembe kwenye nywele za mkono wake. Haukukata hata unywele mmoja.

"Bado, mama," alisema bila kumtazama. "Labda tungoje kesho."

Mama aliingiza mkono kwenye mkoba wa Kahigi, akatoa kinoo laini, akakitemea mate na kumkabidhi.

"Noa, mwanangu. Nimechoka kutazama njia."

Akafungua kitambaa, akainamisha kichwa cheupe kwa mvi.

Safari hii wembe ulikata unywele kabla haujagusa ngozi.