Makadirio ya Machi

Saa nne na robo asubuhi, mhasibu alimaliza kukokotoa riba. Awamu tatu za kodi ya mjomba wake zilikuwa zimelipwa pungufu, kwa makadirio ya Machi ambayo hayakurekebishwa biashara iliponoga.

"Riba ni laki nne, mjomba. Hukuniambia mauzo yamepanda."

"Nilidhani nilikwambia. Uzee huu, mpwa wangu! Kesho nitasahau hata suruali." Akafungua kitabu cha hundi.

Mhasibu alipekua faili akitafuta fomu ya malipo. Akakuta barua ya mjomba ya Juni: mauzo yamepanda maradufu, rekebisha makadirio. Chini palikuwa na muhuri wa kupokelewa na saini ya mhasibu mwenyewe, mkia wake umevuka mstari.

Mjomba alikuwa ameshaandika tarehe.

"Weka kalamu kwanza, mjomba," alisema mhasibu, akamgeuzia faili.