Mifupa ya Pango la Manga

Kwa mtu aliyeapa kwamba hajawahi kukanyaga kule, Ishmael aliijua njia vizuri mno. Alipita kushoto ya mkuyu bila kusita, akashika mzizi uliojificha nyuma ya majani, akajishusha kwenye mwamba wa Manga kama mtu anayekwenda kuteka maji. Nyanchera, mke wa ndugu yake, alimfuata. Bangili za chuma zililia miguuni mwake kwa kila hatua.

"Nani alikuelekeza?"

"Mrina asali mmoja."

"Hana jina?"

"Mama Bosibori, angalia unapokanyaga."

Bangili hizo, ebitinge, ndizo zilizowaleta. Mke wa Kigusii huvishwa siku ya harusi na hazivui maadamu mumewe yu hai. Nyangate, mume wa Nyanchera, alikuwa mwizi wa ng'ombe, na huko Marani hakuna aliyejisumbua kuficha hilo. Yeye na wenzake walikuwa wakificha mifugo ya watu katika mapango haya hadi wanunuzi wapatikane. Mwaka wa 1932 askari wa chifu waliwavamia, wezi wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Nyangate hakurudi nyumbani.

Miaka sita Nyanchera alilima peke yake, akamlea binti yake Bosibori peke yake, akawafukuza wanaume wa ukoo waliokuja kumkumbusha kwamba mjane hukaa na ndugu wa marehemu.

"Marehemu gani?" aliwauliza. "Nionyesheni kaburi."

Wakamwita mwendawazimu. Kisha Ishmael akarudi kutoka kuchuma chai Kericho, na haikupita miezi miwili akaleta habari ya mifupa pangoni. Wazee walifurahi waziwazi. Mwanamke akaione, wakasema, avue bangili, mambo yaishe.

Nyanchera hakumwamini shemeji yake hata chembe. Shamba lake lilipakana na la Ishmael, nalo lilikuwa shamba zuri, lenye migomba iliyonona na kijito kisichokauka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akiutazama ule mgongo mpana mbele yake. Na kama mifupa ipo kweli, ni nani aliyemlaza Nyangate pale?

Pango lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Dari ilikuwa nyeusi kwa moshi. Mlangoni mawe yalikuwa yamepangwa hadi kifuani, yakaacha upenyo wa kupita ng'ombe mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na samadi iliyokauka, pembe zilizotupwa ovyo, na mafiga matatu yenye majivu ya zamani. Kumbe alikuwa akijipikia, mwanamume ambaye nyumbani hakujua hata chumvi inakaa wapi! Nyanchera alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

"Kule nyuma," Ishmael alisema, bila kumtazama.

Mifupa ilikuwa chini ya ngozi ya ng'ombe iliyoliwa na wadudu. Nyanchera alipiga magoti. Alipogeuka, Ishmael alikuwa ametoa koleo la kukatia chuma mfukoni mwa koti.

"Umebeba na koleo?"

"Nilitaka tumalize leo. Vua tu, mama Bosibori. Utapumzika."

"Nipumzike, nawe upate shamba."

"Shamba lako silitaki. Wala wewe sikutaki. Nitaapa mbele ya wazee, ukipenda." Alisema kwa sauti ya mtu anayeumwa, na Nyanchera akaona huo ni ujanja mwingine.

Akaifunua ngozi. Fuvu lilikuwa limeelekea ukutani, na taya la chini limeachana nalo. Alilichukua hilo taya kwa mikono miwili, kwa upole, kama anavyostahili mume. Akalipangusa vumbi kwa ncha ya shuka yake.

Halikuwa na meno ya mbele.

Meno sita yalikuwa yameng'olewa zamani sana, mfupa ukajifunga, ukawa laini. Wagusii hawang'oi meno. Wanaong'oa sita ya chini ni Wajaluo, na Mjaluo aliyewahi kupita katika mapango haya alikuwa mmoja tu: Obiero, mtu wa ziwani aliyekuwa akimtafutia Nyangate wanunuzi. Siku moja alikula mahindi ya kuchoma jikoni kwa Nyanchera, akiyapukuchua kwa kidole gumba, huku Nyangate akimtania kwamba amezeeka kabla ya mama yake.

"Huyu ni Obiero," Nyanchera alisema polepole. Kisha akapiga kelele. "Maskini, huyu ni Obiero! Si yeye! Nyasae, Mungu wangu, mume wangu hajafa!"

Alicheka, akalia, akacheka tena, na pango zima likacheka naye. Furaha ya miaka sita ilimjia kwa mara moja hata akashindwa kusimama. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mke, na alikuwa amengoja vema.

Aliposimama, hasira nayo ilisimama pamoja naye.

"Mwongo mkubwa wewe! Nawe ni damu yake mwenyewe! Ulitaka nimzike mume aliye hai ili ule jasho langu? Atarudi, Ishmael. Siku atakayorudi nitamwambia yote, neno kwa neno, na utatafuta pa kujificha ukose."

Ishmael aliketi juu ya mawe. Koleo lilimponyoka, hakuliokota.

"Hatarudi," alisema. "Yuko Kericho, ana mke na watoto wawili. Ndiye aliyenituma. Nilimwambia wewe si mjinga, utajua. Akacheka, akasema mifupa yoyote itakutosha."