Daktari Aliyegoma Kumpima Mogire

Leo Daktari Nyanchama hakumpa Mzee Mogire mkono. Alisimama karibu na dirisha, macho sakafuni, utadhani kavunja chungu cha watu.

Moyo wa Mogire ukafanya paa! Tangu akatwe kipande cha utumbo chenye saratani, binti huyu ndiye aliyempima kila siku ya kliniki hapa mjini Kisii. Humwambia alale ubavu, akunje magoti, kisha humpima kwa kidole chenye glavu huku akimtania na kumwita Tata, yaani baba kwa Kikisii: "Tulia, Tata. Umbea wote wa kijijini kwenu Kebirigo umeuficha huku?" Mzee hucheka mpaka kitanda kikalia.

Mara ya mwisho alimtoa damu pia, ikapelekwa Nairobi. Kipimo hicho kingesema kama kuna mabaki ya ugonjwa yasiyoonekana kwa macho. Yakiwapo, Mogire angekwenda Nairobi kutundikiwa dawa kali. Yasipokuwapo, angerudi kwenye majani yake ya chai.

Mwanawe Machogu, aliyemleta, alikuwa ameketi nje kwenye benchi. Kijana huyo hakukosa kliniki hata moja, na kila mara shati lake lilikuwa limepigwa pasi likanyooka. Mogire alijivunia sana mtoto ampendaye babake kiasi hicho.

"Nilale?" aliuliza, mkono tayari uko kwenye mshipi.

"Hapana, Tata!" Daktari alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. "Kuanzia leo utapimwa na Daktari Ouma."

Kumbe mambo yameharibika! Mogire alimjua binti huyu. Hakuwa mtu wa kumkimbia mgonjwa, ila labda pale pasipo na la kufanya. Akilini akamwona mkewe Mong'ina akichuma chai peke yake, mjane, na mvua inamnyeshea. Akajikaza kisabuni.

"Sema tu, binti yangu. Mficha uchi hazai. Ugonjwa umebaki?"

"Haujabaki! Nairobi wamepiga simu asubuhi. Damu yako ni safi, hakuna cha dawa. Nenda ukachume chai."

"Sasa mbona unanikimbia?"

Nyanchama alijifunika uso kwa faili, lakini kicheko kikamponyoka.

"Jana nilimkubali Machogu, Tata. Mkamwana atampimaje baba mkwe wake huko?"