Viatu Mlangoni kwa Bi Sifa

Kwa kuusifu mji wetu mdogo wa pwani, Bi Sifa hana mpinzani; waliokuwa wakimshinda wamekwishahama.

Siku moja manispaa ilimletea wageni, mtu na mkewe, waliotaka kuhamia na kufungua kiwanda cha barafu.

"Vijana wa hapa hawaondoki?" mke aliuliza.

"Waende wapi, mwanangu? Hapa kazi ndiyo inayokutafuta. Wangu si huyo ndani, kalala? Viatu vyake hivyo mlangoni."

Vilikuwa vimepigwa kiwi, vinang'aa. Mume aliinama avisogeze, aweke vyake. Ndani ya viatu vya kijana mlikuwa na utando wa buibui. Kila asubuhi Bi Sifa huvipangusa kwa nje. Kutia mkono ndani hajathubutu.

"Mama," mume alinong'ona, "aliondoka lini?"