Chuma Kitupu

Fundi cherehani alikuwa akikishonea kitambaa kipya kiti cha gari lake kuukuu, alilouziwa na shemeji yake wiki iliyopita. Ili mikono iwe huru, aliibandika kwenye mlango wa gari sumaku yake ya kushikia pini.

Ikaanguka. Akaibandika tena, ikaanguka tena.

“Gari hili ni chuma kitupu,” shemeji alikuwa ameapa mbele ya mama mkwe.

Fundi akachokoa rangi ya mlango kwa bisibisi, na bamba la puti, ile lipu ya kuzibia bodi la gari, likabanduka kama ganda la yai. Nyuma yake ilikunjwa karatasi ya mfuko wa saruji, imeziba tundu la kupitisha ngumi.

Shemeji, aliyekuwa barazani na chai yake, akacheka kidogo. “Kiraka tu hicho, shemeji. Tuyamalize kimyakimya.”

“Uliapa mbele ya mama, utayamaliza mbele ya mama. Ingia. Kaa upande huuhuu.”

Wakaenda, shemeji ameushikilia mlango kwa mikono miwili.

“Punguza mwendo, jamani!”

Kila walipogonga tuta, kipande kingine cha puti kilidondoka barabarani. Fundi akakanyaga mafuta.