Mstari wa Filimbi ya Pili

Mke alifunua sufuria iliyokuwa ikitokota, akabaki amesimama na mfuniko wa chuma mkononi, bila kitambaa, akisimulia habari za kazini. Mume aliruka kumpokonya. Aliyepiga ukelele ni yeye mume, vidole vimeungua. Mke aliutazama mkono wake wa kushoto kama wa mtu mwingine, akasema alikuwa mbali kimawazo.

Ndivyo walivyoishi tangu mvua ziishe. Vikombe vilimponyoka. Vifungo vya gauni alimwomba mume amfungie. Filimbi yake, ambayo zamani ilimfanya jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio, sasa ilikaa ndani ya kasha wiki nzima. Mume hakuuliza. Alijua kinachomsumbua: mwanamke anaogopa kupoteza kazi, na hofu ikikaa sana hugeuka ganzi. Yeye mwenyewe alishakufa ganzi siku nyingi. Alikula bila kuonja, akalala bila kuota.

Na aliyemponza mkewe ni yeye. Kazi yake ilikuwa kuunda programu ya kompyuta ya kuandikia muziki, na okestra ya mkewe ndiyo iliyokuwa ikiijaribu. Kitabu cha mwongozaji hubeba mstari wa kila ala, kuanzia filimbi juu hadi fidla nene chini, na kurasa hujaa pomoni. Basi yeye akabuni njia ya programu kuuficha yenyewe kila mstari usio na noti, ili ukurasa upumue. Ofisini walimpigia makofi. Meneja wa okestra alifurahi kuliko wote. Alikuja hadi mezani pake, akapekua ukurasa baada ya ukurasa kwenye skrini, akasema sasa anaona bila kuuliza mtu ni nani anayekuja jukwaani kupasha kiti moto, na msimu ujao hao atawaaga. Kisha akakumbuka anazungumza na mume wa nani, akaanza kuisifia kahawa.

Wiki ile iliingia kazi mpya ya mtunzi mmoja mzee, ambaye mkewe alimwita mjomba kwa kuwa alikua pamoja na marehemu mama yake. Faili ilipitia kwa mume ili aikague kabla ya kuchapwa. Aliifungua saa ya chakula, wenzake wametoka, akautafuta mstari wa filimbi ya pili. Kwenye ukurasa wa kwanza haukuwepo. Kwenye wa pili haukuwepo. Alipoupata hatimaye, ulikuwa na noti moja ndefu, imevutwa hadi ukingoni. Mbele sana, noti ileile. Kisha tena ileile. Mtoto wa shule angepewa zaidi.

Hakukasirika, maana hasira nayo inataka nguvu. Alijiuliza tu huyu ni mjomba wa namna gani, wa kumuuza mpwa wake mchana kweupe.

Akazinakili noti za filimbi ya kwanza, akazishusha kwenye mstari wa pili. Halafu, ili meneja akose pa kushika, akachukua kile kipande kitamu kuliko vyote, pale ala zote zinaponyamaza na filimbi moja ikabaki ikikimbia peke yake, akamhamishia mkewe chote. Sasa mstari wake ulionekana kila ukurasa. Akaituma faili ikachapwe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akasikia njaa.

Jioni mke alionekana ametulia kidogo.

"Kazi hii ya mjomba nitaiweza," alisema. "Hii tu ikipita salama, nitapumua."

"Utashangaa," mume akamjibu, akainama kwenye sahani yake asije akacheka.

Siku ya mazoezi aliomba ruhusa kazini, akaketi nyuma ya ukumbi karibu na mtunzi. Alimsalimia kwa heshima zake zote, ingawa moyoni hakuwa na salamu naye. Meneja alikaa safu ya mbele, kitabu kimefunuliwa magotini. Jukwaani mke alifungua karatasi zake. Akazigeuza, akazirudisha, akasoma maandishi ya juu kuhakikisha ni za filimbi ya pili. Mume alitabasamu peke yake gizani.

Muziki ukaanza. Katika kishindo cha mwanzo haikujulikana nani anapiga na nani hapigi. Mtunzi aliegemea kiti, macho kayafumba. Kisha fidla zikanyamaza, tarumbeta zikanyamaza, na mwongozaji akaunyoosha mkono kwa filimbi ya pili.

Kimya. Meneja akainua uso kutoka kwenye kitabu. Mke aliweka filimbi mdomoni, akavuta pumzi, na ikatoka noti moja tu, ndefu, isiyokwenda popote. Mwongozaji alishusha mikono. Mke aliendelea kuipuliza noti ileile, machozi yakimtoka, mpaka pumzi ikamwishia.

Mtunzi alikuwa amekwisha kufumbua macho. Alimshika mume mkono.

"Mkwe, nani kaziandika noti zile?" alinong'ona. "Vidole vya kushoto vya mkeo havina hisia tangu mvua ziishe, akaniomba mtu asijue hadi vipone, hata wewe. Mimi nilimwandikia noti moja, ile pekee ambayo filimbi huitoa bila kuvihitaji."